Sanamu ya hospitali ipimwe kwa kitambaa cha usafi kabla ya kupimwa kwa macho

Mhariri,

Makala mliyochapa kuhusu sanamu zinazochanganya viungo vya mwili na maumbo ya mimea ilisifu kumbi za hospitali zenye mapafu yaliyojaa matawi, mioyo yenye mizizi na uti wa mgongo unaochipua majani. Sifa hizo ni za haki. Lakini picha zote zilipigwa na mtu mzima wa afya, amesimama, ukumbi ukiwa mtupu. Sisi tunaochonga, kuchomelea na kutundika kazi za aina hii tunaujua upande wa pili, ambao kamati za hospitali huukuta zikiwa zimeshalipa: hesabu ya matawi, uzito, vumbi, dawa za kusafishia, na mgonjwa anayesukumwa chini ya sanamu akiwa amelala chali. Tunaomba nafasi tuueleze, maana kamati nyingi huchagua kazi kwa kutazama mchoro mmoja wa kompyuta, na mchoro haushiki vumbi.

Kiswahili kilishayaona haya kabla yetu. Pingili ni za muwa na ni za mgongo. Mishipa ni ya jani na ni ya mkono. Uti ni wa mti na ni wa mtu. Hata wataalamu wa zamani hawakutenganisha. Marcello Malpighi, daktari wa Italia aliyeona kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, kwenye mapafu ya chura mwaka 1661, ndiye huyohuyo aliyekaa baadaye akipasua mashina ya mimea na kuyachora. Nehemiah Grew wa Uingereza, aliyetoa michoro yake mikubwa ya ndani ya mimea mwaka 1682, naye alikuwa daktari. Mfanano huu unatokana na kazi moja: kutoa hewa, maji au damu kwenye bomba moja na kuifikisha kwenye maelfu ya ncha bila kupoteza nguvu nyingi. Anayeiga picha ya mapafu bila kuifuata kazi hiyo hupata kinara cha taa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Leonardo da Vinci aliandika kwamba matawi ya mti, ukiyakusanya pamoja katika kimo chochote, unene wake hulingana na wa shina. Kwa fundi maana yake ni kwamba maeneo ya mikato ya matawi yakijumlishwa yatoe eneo la mkato wa shina lililoyazaa. Matawi mawili yaliyo sawa, basi, kila moja lina kipenyo cha 0.71 ya shina. Mishipa ya damu hufuata kanuni nyingine, aliyoieleza Cecil Murray mwaka 1926: nusu kipenyo cha mshipa mzazi kikipandishwa kipeo cha tatu hulingana na jumla ya vipeo vya tatu vya matawi yake. Hapo kila tawi linatoka na 0.79. Tofauti ya 0.71 na 0.79 ni ndogo kwenye karatasi, ila jicho haliipuuzi. Shina la milimita 100 likifuata kanuni ya mti, hufika milimita 50 baada ya migawanyiko 2. Likifuata kanuni ya mshipa, huchukua migawanyiko 3. Gawa mara 6 na zote mbili zitakupa ncha 64, lakini za mti zitakuwa za milimita 12 au 13, na za mshipa milimita 25. Ya kwanza husomeka kama mti uliopukutika majani. Ya pili husomeka kama kitu chenye majimaji ndani. Hakuna iliyo bora kuliko nyingine, ila zisichanganywe ovyo. Kama kazi inaanza mti na kuishia mapafu, kanuni ibadilike mahali pamoja tu, na paonekane kuwa pamekusudiwa.

Mapafu halisi hugawanyika kwa vizazi vipatavyo 23 kutoka trakea, bomba kuu la hewa shingoni, hadi vifuko vya hewa. Asikushawishi mtu kukaribia huko: vizazi 23 vya matawi mawilimawili ni ncha zaidi ya milioni 8. Vitano au sita vinatosha, na hapo kuna bahati inayowasaidia mafundi. Mabomba ya stenlesi ya kiwandani hukaribia kanuni ya mshipa bila kuchongwa: kutoka milimita 114.3 unashuka 88.9, kutoka 60.3 unashuka 48.3, kutoka 33.7 unashuka 26.9 kisha 21.3. Mapengo yapo mawili, kati ya 88.9 na 60.3, na kati ya 48.3 na 33.7. Kwenye mapengo hayo kunja bati liwe koni, au fanya mgawanyiko usio sawa, tawi moja nene na jingine jembamba, kama mti wenyewe ufanyavyo ukielekea mwanga. Kosa la kila siku ni fundi kutumia bomba la ukubwa mmoja kuanzia chini hadi juu kwa sababu ndilo lililobaki karakana. Hakuna rangi itakayoficha hilo.

Kosa jingine ni ulinganifu. Programu za kuchorea zina kitufe cha kugeuza nusu moja iwe nusu ya pili kama kwenye kioo, na wachoraji wanakipenda. Mwili haufanyi hivyo. Pafu la kulia lina ndewe, yaani sehemu kuu, 3, la kushoto 2, kwa kuwa moyo umeegemea kushoto. Bronki, bomba la hewa liingialo kila pafu, ya kulia ni pana, fupi, imesimama zaidi. Ya kushoto ni nyembamba, karibu mara mbili kwa urefu, na imelala zaidi. Ndiyo maana kitu kinachomponyoka mtoto kooni huangukia kulia mara nyingi. Daktari anayepita kila asubuhi chini ya mapafu yenye pande mbili zilizo sawa ataona kosa hilo kabla ya kuona uzuri. Ukumbuke pia kwamba sanamu inayomtazama mtu ina kulia kwake upande wa kushoto wa mtazamaji. Kitufe hichohicho huharibu DNA: ngazi yake hujipinda kulia, kama uzi wa bolti ya kawaida, na mimea mingi itambaayo hujiviringisha upande huohuo. Shika bolti kando ya mchoro. Kama mizunguko inapishana, mchoro umegeuzwa. Na kwa wanaopenda umbo la kondo la nyuma, ambalo kwa kweli ni mti mzuri kuliko yote mwilini: kamba ya kitovu ina ateri 2 na vena 1, na vena hiyo ndiyo inayobeba damu yenye oksijeni kumpelekea mtoto. Anayepaka ateri nyekundu na vena buluu kwa mazoea atakuwa ameigeuza kazi yake juu chini.

Kwenye uti wa mgongo, kinachotokea ni kopo juu ya kopo. Pingili zote hukatwa kipimo kimoja, zikapangwa zimenyooka, na mtu akaambiwa ni mgongo na muwa kwa pamoja. Si huu wala ule. Mgongo una pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zilizoungana kuwa sakramu, mfupa ulio nyuma ya nyonga, na 4 za kifandugu. Ukishuka kutoka shingoni zinanenepa. Pingili ya kiuno ina kimo karibu mara mbili ya ile ya shingo. Baada ya kiuno zinapungua ghafla. Mstari wenyewe hutokeza mbele shingoni, nyuma kifuani, mbele tena kiunoni. Ukishazingatia hayo mawili, unene unaobadilika na mipindo mitatu, hata pingili zilizorahisishwa kuwa vifundo vya mwanzi zitasomeka kuwa mgongo hai. Na kama majani yatauzunguka, yapangwe kwa nyuzi 137.5, kama mimea mingi ipangavyo. Pima kila jani kutoka kwenye sifuri, usipime kutoka kwa jani lililotangulia, maana kosa la nusu digrii hujilimbikiza. Jani la kwanza 0, kisha 137.5, 275, 52.5, 190, 327.5, 105, 242.5, 20. Ukiona majani yameanza kujipanga mstari mmoja wima, kuna mahali umepotea.

Sasa tusogee karibu na kiungo kimoja, panda, pale tawi linapoachana na jingine. Hapa ndipo sanamu nyingi za hospitali zinapofia. Panda ya mti imara ina umbo la U na imevimba kidogo shingoni. Ile yenye V kali, gome likiwa limebanwa katikati, ndiyo inayopasuka upepo ukija. Chuma nacho ni vivyo hivyo. Ukikutanisha mabomba mawili kwa V kali na kupitisha mshono mwembamba, mkazo wote unakusanyika kwenye kona ile, na kona hiyohiyo inakusanya vumbi lisilofikiwa na kidole. Mshono ujazwe, usagwe kwa grenda, kisha msasa, hadi kona iwe na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 12 au zaidi. Kipimo chetu ni rahisi. Funga kitambaa cha usafi kwenye kidole cha shahada, pitisha kwenye kila panda. Kitambaa kikikwama, rudi kwenye grenda. Kisha nyunyiza poda ya chaki juu ya kazi nzima, futa mara moja kwa kitambaa chenye unyevu, zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni. Mstari mweupe utakaobaki ndiyo ramani ya mahali vumbi litakapoishi kwa miaka 20.

Ndani ya bomba nako kuna jambo. Unapochomelea stenlesi, jaza bomba kwa gesi ya argoni upande wa ndani pia. Usipofanya hivyo, nyuma ya mshono chuma huungua na kutoa chembe nyeusi kama sukari iliyoungua sufuriani. Kwa nje panang'aa. Maji ya kusafishia yenye klorini yakipenya humo, kutu huanza kutokea ndani, na doa la kahawia litatokeza juu ya uso ambao kila mtu aliamini haushiki kutu.

Klorini inastahili neno lake. Hospitali nyingi husafisha kwa mchanganyiko wa sehemu 1,000 za klorini kwa milioni, na damu ikimwagika hutumia hadi 10,000. Stenlesi ya daraja la 304, ambayo ndiyo rahisi kupatikana, huchimbika vishimo kwa dawa hiyo ikiachwa ikauke juu yake. Ya 316 ina asilimia 2 hadi 3 ya molibdeni na huvumilia zaidi, lakini nayo ni lazima isuuzwe kwa maji safi. Shaba iliyopakwa rangi ya moto na kemikali kisha nta hupoteza rangi hiyo kwa madoa. Mbao zilizopakwa shelaki, aina ya vanishi, ndizo huwa za kwanza kuharibika, kwa sababu shelaki huyeyuka kwa spiriti, na kila mkono unaozigusa umetoka kwenye jeli ya spiriti iliyo mlangoni. Mbao hospitalini zipakwe poliyurethani ya sehemu mbili, ncha na mikato yote ikiwa imezibwa, au zisiwepo kabisa.

Kuna wanaopendekeza shaba kwa kuwa huua bakteria. Ni kweli: mwaka 2008 shirika la mazingira la serikali ya Marekani liliandikisha aloi za shaba kuwa na uwezo wa kuua asilimia 99.9 ya bakteria fulani ndani ya saa 2. Lakini hiyo ni shaba tupu, inayoguswa moja kwa moja. Ukishaipaka vanishi au nta, mkono haugusi shaba tena, unagusa vanishi. Mwenye kutaka faida hiyo akubali sanamu itakayobadilika rangi na kung'aa pale tu panaposhikwa. Sisi tunaona huo ni uzuri wenyewe. Kamati nyingi huona ni uchafu, kwa hiyo waulizwe mapema.

Kuhusu maji yanayotiririka ndani ya jengo, kutoka kwenye jani hadi kwenye jani kama utomvu, jibu letu ni hapana. Bakteria wa Legionella, waletao nimonia, hustawi kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45 za Selsiasi, na rasharasha huwapeleka moja kwa moja mapafuni. Mwaka 2010, katika hospitali moja ya jimbo la Wisconsin, Marekani, watu 8 waliugua kutokana na ukuta wa maji wa mapambo uliokuwa karibu na lango. Vipande vya sponji vilivyowekwa chini ya mawe viligeuka kitalu cha bakteria. Ukitaka hisia ya maji, tumia kioo au stenlesi iliyong'arishwa.

Uzito hukadiriwa vibaya pande zote mbili. Mti wa hewa wa stenlesi wenye urefu wa mita 3 na migawanyiko 6, kwa mabomba tuliyotaja yenye kuta za milimita 3 shinani na 1.5 nchani, hutoka na kilo 45 hivi, wakati watu wengi hudhani ni kilo 200. Majani ndiyo huwadanganya. Jani la alumini la milimita 3 lina kilo 8 kwa mita ya mraba. Jani la shaba ya kumimina, ambalo ni nadra kushuka chini ya milimita 5, lina kilo 44. Kamati ikibadilisha alumini kuwa shaba dakika ya mwisho kwa sababu ya rangi, dari lile lile haliwezi tena. Na anayemimina shaba aongeze kipimo cha nta kwa asilimia 1.5 hadi 2, kwa kuwa shaba husinyaa ikipoa. Viungo vilivyomiminwa kwa siku tofauti na kalibu tofauti havitakutana vizuri kama hilo halikuhesabiwa.

Dari bandia halibebi chochote. Sanamu ishikwe na slabu ya zege au boriti iliyo juu yake, kwa ramani ya mhandisi wa majengo, kwani kati ya dari bandia na slabu hupita mabomba ya oksijeni na nyaya za umeme. Weka sehemu mbili za kushikia zisizotegemeana, kila moja ikiweza kubeba mzigo wote peke yake, na sisi hutumia nguvu ya mara 10 ya uzito. Waya wa stenlesi wa milimita 6 hukatika karibu na tani 2, kwa hiyo waya si tatizo. Tatizo ni ncha zake. Klipu za waya zina tandiko na kitanzi cha U: tandiko likae upande wa waya unaobeba mzigo, U upande wa ncha iliyokatwa. Ukigeuza, U huponda nyuzi zilezile zinazoshikilia kazi. Klipu ziwe 3, zikazwe tena siku ya pili baada ya waya kunyooka.

Na bolti za gundi zisitumike kubeba mzigo unaovuta kwenda chini saa zote. Mwaka 2006 vipande vya dari la zege vya handaki moja la barabara huko Boston vilianguka na kuua mtu, na uchunguzi ulionyesha kwamba gundi ya epoksi iliyoshika bolti ilikuwa ikitambaa polepole chini ya mzigo wa kudumu. Tumia bolti inayopenya slabu hadi upande wa juu na kufungwa kwa bamba, au nanga ya chuma inayojitanua ndani ya tundu lililochongwa chini pana. Utobo wenyewe utobolewe ndani ya hema la plastiki, mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa chembe ndogo sana, ikiwa mdomoni mwa keekee. Vumbi la dari la zamani hubeba mbegu za kuvu la Aspergillus, na mgonjwa wa kinga dhaifu aliye ghorofa hiyohiyo anaweza kulivuta.

Jirani na mashine ya MRI, inayopiga picha za mwili kwa sumaku kubwa, kuna mstari wa mpaka, ambao kwa miaka mingi uliwekwa kwenye gauss 5, kipimo cha nguvu ya sumaku. Ndani ya mstari huo sanamu ya chuma haina kazi. Hata stenlesi isiyonasa sumaku ikitoka kiwandani huanza kunasa kidogo ikishakunjwa baridi na kuchomelewa, kwa hiyo kila kiungo kipitishiwe sumaku ya mkononi. Kwa korido za idara hiyo alumini inatosha.

Tunarudi kwa mgonjwa. Wauza sanamu hupenda kutaja utafiti wa Roger Ulrich wa mwaka 1984: wagonjwa 46 waliotolewa kibofu cha nyongo, nusu yao dirisha likitazama miti, nusu likitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa mapema kidogo, wastani wa siku 7.96 kwa 8.70, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Ni utafiti mzuri, ila ulihusu miti iliyo hai dirishani. Haukupima mapafu ya chuma ukumbini, na asiyesema hivyo kwenye kamati anauza. Upande wa pili kuna kisa kinachojulikana cha hospitali moja ya chuo kikuu Marekani, ambako sanamu za chuma zilizokusudiwa kuwa ndege ziliondolewa kwa sababu wagonjwa wa saratani waliona makali na midomo ya kutisha. Mchongaji aliona ndege. Mwenye homa na hofu aliona kitu kinachomjia.

Kwa sababu hiyo mfano mdogo wa sanamu utundikwe, kamati ilale kwenye machela mojamoja, na isukumwe chini yake. Ncha zote zinazoelekea chini zitaonekana kuwa mikuki; zimalizie kwa tumba la duara la milimita 25 au zikunjwe juu. Rangi nyekundu inayong'aa chini ya taa husomeka kuwa damu mbichi. Moyo uliopasuliwa usikae mlangoni pa kliniki ya moyo. Umbo la kizazi au la mimba lisiwekwe kwenye njia ambayo pia hupitwa na waliopoteza mimba. Damien Hirst alitengeneza sanamu 14 za shaba zinazoonyesha safari ya mimba hadi kuzaliwa, ya mwisho ikiwa na kimo cha mita 14, kwa ajili ya hospitali ya Sidra huko Doha. Zilizinduliwa mwaka 2013, zikafunikwa, zikafunuliwa tena mwaka 2018. Ni kazi kubwa, na pale ni uwanjani, pana nafasi ya mtu kupita mbali. Ndani ya korido mtu hana pa kupitia.

Mmea hutoa njia ambayo kiungo hakitoi. Digitalisi, mmea ulioandikiwa kitabu na daktari William Withering mwaka 1785, ilizaa dawa ya moyo. Maua yake ya kengele zinazoshuka yakipangwa kwa mpindo wa ateri humwambia daktari kitu na hayamtishi mgonjwa. Vinka ya Madagaska ndiko ilikotoka vinkristini, dawa ya saratani ya damu ya watoto. Ni ua la petali 5 tu, mtoto yeyote analichora. Kwinini ya gome la mti wa sinkona ilitengwa mwaka 1820. Sanamu ya aina hii hubeba tiba ndani yake bila kumwonyesha mtu utumbo wake.

Kwa watoto, matundu kati ya matawi yanayofikiwa yafuate kanuni za Ulaya za vifaa vya viwanja vya kuchezea watoto, EN 1176: tundu lisipitishe kipimo cha milimita 89 isipokuwa linapitisha pia cha 230, la sivyo kichwa hunasa, na mianya ya milimita 8 hadi 25 hunasa vidole. Kwa wasioona, kanuni za Marekani zinasema kitu cha ukutani kilicho kati ya sentimita 68 na mita 2.03 kutoka sakafuni kisichomoze zaidi ya sentimita 10, maana fimbo hupita chini yake na paji la uso likakutana nacho. Wodi za afya ya akili zisiwekewe matawi kabisa. Huko umbo liwe bapa, limeshikana na ukuta. Nje ya jengo, kila jani la bakuli litobolewe tundu la milimita 10 mahali pa chini kabisa, vinginevyo umefuga mbu hospitalini.

Basi kabla ya kusaini, mkataba uwe na mambo ambayo mchoro hauna: kipenyo cha kila kizazi cha matawi, uzito kwa kilo, daraja la chuma, na kipande cha mfano cha sentimita 30 chenye panda moja ndani yake, kilichooshwa kila siku kwa wiki 4 kwa dawa ileile inayotumika hospitalini. Mtu wa usafi aweke sahihi kwamba amekifuta, muuguzi wa kudhibiti maambukizi vilevile, na mhandisi. Sahihi ya mkurugenzi ifuate hizo. Bolti za juu zikaguliwe miezi 3 baada ya kutundikwa, kisha kila mwaka, na kila nati ichorwe mstari mmoja wa rangi unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti. Mistari ikiachana, nati imezunguka. Mstari huo uwe upande unaoonekana kutoka sakafuni, ili fundi wa zamu aujue bila kuleta ngazi juu ya vichwa vya wagonjwa.

Ni sisi,
Wachongaji na mafundi wa sanamu za hospitali